Ziara binafsi ya siku moja katika miji na mashamba ya Uholanzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametokana na mazungumzo na wageni wanaozungumza Kiswahili: wazazi waliokuja kwenye mahafali ya watoto wao Delft au Wageningen, wakulima wa maua wa Naivasha na Arusha, wajumbe wa mikutano ya Den Haag waliobakiwa na siku moja kabla ya ndege yao, na ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaopita Amsterdam na familia nzima. Anayejibu ni mwongozaji ambaye hii ndiyo kazi yake, na pale ambapo jibu ni maoni yangu nimesema hivyo.

Ziara binafsi ni nini hasa, na inatofautianaje na ile ya basi?

Ni gari moja, mwongozaji mmoja na kundi lako peke yako, kwa muda wa saa nane hadi kumi, kuanzia mlango wa hoteli au nyumba uliyofikia hadi kurudishwa hapo hapo. Ratiba hupangwa kabla kwa mazungumzo, na inaweza kubadilishwa njiani mvua ikinyesha, mtoto akichoka, au mama akitaka kukaa zaidi sokoni. Ziara ya basi ni nafuu zaidi, na kwa mtu aliye peke yake inaweza kumtosha kabisa. Hata hivyo, basi husimama mahali lilipopangiwa kusimama, na tangu 2024 mabasi yenye uzito unaozidi tani 7.5 hayaruhusiwi kuingia katikati ya Amsterdam, kwa hiyo abiria hushushwa pembeni na kuendelea kwa miguu au kwa tramu. Gari dogo linapita kwenye njia nyembamba za juu ya matuta ya mashambani, na huko ndiko Uholanzi inakojieleza vizuri kuliko mahali pengine.

Kwa siku moja naweza kuona sehemu ngapi?

Mbili kwa utulivu, tatu kwa anayeamka mapema. Zaidi ya hapo sishauri, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa swali hili ndilo linaloamua kama siku yako itakuwa nzuri au mbaya.

Ramani ya Uholanzi humdanganya mtu aliyezoea safari ya Dar es Salaam hadi Mwanza au Mombasa hadi Kisumu. Amsterdam hadi Den Haag ni kilomita 60 hivi, Den Haag hadi Delft ni 10, Delft hadi Rotterdam ni 15, na mgeni akizijumlisha anaona miji yote hiyo ingemalizika kabla ya chakula cha mchana. Ramani haionyeshi foleni za asubuhi zinazoizunguka Amsterdam, Utrecht na Rotterdam, wala kikomo cha mwendo cha kilomita 100 kwa saa ambacho tangu 2020 kinatumika mchana kwenye barabara kuu nyingi. Haionyeshi pia muda wa kutafuta maegesho, wa kwenda msalani, na ile nusu saa ambayo mtoto atataka kubaki uzioni akimtazama mwanakondoo.

Mwaka wangu wa kwanza nilikubali ombi la familia ya watu sita iliyotaka kuona Volendam, Zaanse Schans, Haarlem, Den Haag na Delft kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Kote tulifika. Bibi yao alishuka garini mara mbili tu. Tulipokuwa tunarudi, mjukuu wake akauliza ule mji wenye kanisa refu ulikuwa upi, na watu wazima watano hawakuweza kukubaliana. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeijua njia na sikusema hapana. Siku hizi mgeni akiniletea orodha ya sehemu saba, humwomba kwanza aniambie ni ipi ambayo akiikosa atasikitika, kisha tunaijenga siku nzima kuizunguka hiyo.

Kwa nini mnatushauri tutoke mjini? Tulidhani Amsterdam ndiyo Uholanzi.

Amsterdam ni mji wa kupendeza, na mifereji yake ya karne ya 17 imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2010. Lakini mtu aliyekaa Amsterdam tu hajaona jinsi nchi hii ilivyotengenezwa, na naomba nikuonyeshe mahali pamoja.

Kaskazini mwa Amsterdam, mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, ipo Beemster. Hadi mwanzoni mwa karne ya 17 lilikuwa ziwa. Wafanyabiashara walitoa fedha zao, mfereji ukachimbwa kulizunguka, tuta likainuliwa, vinu vya upepo zaidi ya 40 vikawekwa kunyonya maji, na mwaka 1612 ziwa likawa shamba. Ardhi ya namna hiyo, iliyokaushwa na kuzungushiwa tuta, huitwa polda. Ukisimama juu ya tuta la Beemster, upande mmoja unao mfereji na upande wa pili malisho, na baada ya dakika moja au mbili macho yanagundua kwamba kuna jambo lisilo la kawaida: maji yako juu na shamba liko chini. Mashua ndogo inapita taratibu, na tumbo lake liko juu kuliko migongo ya ng'ombe wanaokula nyasi hatua chache kutoka hapo. Hapo huwa sisemi kitu. Wageni wangu wengi, hasa waliokulia Rufiji au Tana ambako mafuriko yanajulikana kwa majina ya miaka yake, hunyamaza kidogo kisha huuliza swali lile lile: na pampu zikizimika?

Pampu zikizimika, maji yatarudi. Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari, na pampu zimo kazini usiku na mchana. Usimamizi wa maji uko chini ya mabaraza ya maji ambayo asili yake ni karne za kati, na ambayo hadi leo wananchi huyapigia kura na kuyalipia kodi yake ya pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi, ikaua watu 1,836. Msiba huo ndio uliozaa mradi mkubwa wa kuzuia bahari katika milango ya mito, ukiwamo ukuta wa milango ya chuma wa Oosterschelde uliozinduliwa 1986. Mwenye hamu ya uhandisi anaweza kuifanya siku yake yote iwe ya maji, na wanafunzi wa taasisi ya elimu ya maji ya Delft, ambayo imewasomesha wahandisi wengi wa Afrika Mashariki tangu ilipoanza 1957, mara nyingi huwaleta wazazi wao kwa ajili hiyo tu.

Vinu vya upepo tukavione Kinderdijk au Zaanse Schans?

Inategemea unatafuta nini. Kinderdijk, karibu na Rotterdam, ina vinu 19 vilivyojengwa zaidi miaka ya kuelekea 1740, vyote kwa kazi moja ya kutoa maji mashambani. Vimesimama pale pale vilipojengwa, katika mistari kando ya mifereji, na katika vingi vyake wanaishi watu hadi leo. Zaanse Schans, karibu na Zaandam, ni kijiji ambacho nyumba na vinu vyake vingi vilihamishiwa hapo kutoka kwingine ili visibomolewe. Vinu vya huko vilikuwa viwanda vya kukamua mafuta, kupasua mbao na kusaga rangi, na kile kiitwacho De Kat kinasaga rangi kwa upepo hata sasa. Zaanse Schans iko jirani na Amsterdam na hujaa sana kuanzia saa nne asubuhi, kwa hiyo tukienda huko tunafika kabla ya mabasi.

Kwa maoni yangu, aliye na siku nzima aende Kinderdijk, na aliye na nusu siku aende Zaanse Schans. Popote utakapokwenda, usiishie kupiga picha nje. Panda ngazi ya ndani, ambayo ni kali kama ngazi ya darini na ina kamba ya kushikilia, usimame kwenye sakafu ya juu wakati mabawa yanazunguka. Nguzo kubwa ya mti inapita katikati ikigeuka, magurudumu ya mbao yanang'atana meno, na mbao zilizo chini ya miguu zinatetemeka. Mwendesha kinu akitaka kukisimamisha huvuta kamba moja tu ya breki. Muulize pia kuhusu lugha ya mabawa. Bawa lililosimamishwa kabla kidogo ya kufika juu kabisa hutangaza furaha kama harusi au kuzaliwa mtoto, na lililosimamishwa likiwa limeshapita juu hutangaza msiba.

Ni wakati gani wa kuja kuona tulipu?

Mashamba ya tulipu kwa kawaida huwa katika uzuri wake kuanzia katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na baridi au joto la mwaka husogeza tarehe hizo mbele au nyuma. Bustani ya Keukenhof mjini Lisse hufunguliwa wiki nane hivi tu, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, na kila msimu wa kupukutika majani hupandwa humo vitunguu vya maua, yaani viini vya chini ya ardhi vinavyofanana na kitunguu na ambavyo ua huota kutoka kwavyo, vipatavyo milioni 7. Anayekuja Julai akitarajia tulipu shambani hatazikuta, na ni bora ajue hilo kabla hajanunua tiketi ya ndege. Mgeni akiliona trekta likikata vichwa vya maua mazuri na kuyaacha chini, asishtuke: mkulima anauza kitunguu na si ua, na ua likiondolewa nguvu yote hurudi chini. Tafadhali usiingie kati ya mistari kwa ajili ya picha. Viatu hukandamiza udongo na huweza kuhamisha magonjwa kutoka shamba moja hadi jingine, na hilo ni jasho la mtu.

Sisi ni wakulima wa maua. Je, tunaweza kuuona mnada?

Mnaweza, na ninawasihi msiuache. Mnada wa Royal FloraHolland huko Aalsmeer, karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol, ndio mkubwa kuliko yote duniani, na wageni hupita juu kwenye daraja la ndani wakitazama kazi chini yao. Hufanyika siku za kazi alfajiri na asubuhi mapema, kwa hiyo tunaondoka hotelini kabla ya saa moja. Bei hushushwa badala ya kupandishwa. Saa ya mnada huanzia bei ya juu na kuteremka kwa kasi, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayelipa bei iliyofikiwa. Akichelewa kidogo, mwingine amechukua. Akiwahi mno, amelipa zaidi. Wanunuzi wengi siku hizi hubonyeza kutoka ofisini kwao kupitia intaneti, kwa hiyo msitegemee kuona ukumbi uliojaa watu. Kinachoonekana ni treni ndefu za vitoroli zikipishana kwenye sakafu pana.

Niliwahi kusimama darajani hapo na bwana mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika banda la kufungashia waridi Naivasha. Alitazama kwa muda, kisha akanionyesha kwa kidole ndoo moja ya waridi jekundu na kuniambia kwamba ufungaji ule wa kadibodi, kona mbili zikikunjwa ndani, ndio waliofundishwa wao. Hakuwa na hakika kama yametoka shambani kwao. Lakini alikuwa ameyafunga maua maelfu kwa maelfu bila kujua yanafika wapi, na asubuhi hiyo alipaona.

Kati ya miji midogo, upi unafaa zaidi?

Delft ndio ninaoupendekeza kwa wengi. Unatembeleka kwa miguu, mifereji yake ni myembamba na ina kivuli, na uwanja wa soko una Kanisa Jipya ambamo amezikwa Willem van Oranje, aliyeuawa mjini humo 1584 na ambaye Waholanzi humwita baba wa taifa. Karakana ya vyombo vya kauri ya buluu na nyeupe iliyoanzishwa 1653 bado inafanya kazi, na mafundi wake hupaka rangi kwa mkono mbele ya wageni. Gouda unafaa Alhamisi asubuhi kati ya Aprili na Agosti, siku ya soko la jibini, na kanisa lake la Mtakatifu Yohane, lenye urefu wa mita 123, lina madirisha ya vioo vya rangi ambayo mimi binafsi nayaona kuwa mazuri kuliko yote nchini.

Den Haag Wakenya wengi wanaujua kwa jina kabla hawajaufikia, kwa sababu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Jengo la mahakama hiyo liko ukingoni mwa mji kuelekea vilima vya mchanga vya pwani, ilhali Kasri la Amani la 1913, lenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Umoja wa Mataifa, ni jengo jingine kabisa. Wageni huyachanganya kila mara. Makumbusho ya Mauritshuis yako katikati ya mji, na humo mna picha iliyochorwa na Johannes Vermeer ya msichana mwenye hereni ya lulu.

Leiden ni mji wa chuo kikuu kilichoanzishwa 1575, na Kiswahili hufundishwa huko. Utrecht una mnara wa kanisa wa mita 112 uliosimama peke yake, kwa kuwa sehemu ya kanisa iliyouunganisha na jengo lililobaki iliangushwa na dhoruba mwaka 1674. Giethoorn, kijiji cha mashua na madaraja ya mbao, ni kizuri lakini kiko kilomita 120 hivi kutoka Amsterdam. Anayekichagua akifanye kuwa safari yake ya siku nzima.

Je, historia ya utumwa na ukoloni inaweza kuwa sehemu ya siku yetu?

Ndiyo, na wapo wageni wanaoichagua kuwa siku yao yote. Utajiri uliojenga nyumba za mifereji ya Amsterdam ulitokana kwa sehemu na kampuni mbili za biashara, ile ya Mashariki iliyoundwa 1602 na ile ya Magharibi ya 1621. Kwa Mswahili habari hii haiko mbali. Meli za kampuni ya Mashariki zilizotoka Rasi ya Tumaini Jema zilifika Madagaska, Msumbiji na hata Zanzibar katika karne ya 18 kununua watu. Katika kuta za baadhi ya nyumba zimo sanamu za mawe za vichwa vya Waafrika ambazo mpita njia hazioni mpaka aonyeshwe. Utumwa ulifutwa Suriname, iliyokuwa koloni la Uholanzi huko Amerika Kusini, na katika visiwa vyake vya Karibi tarehe 1 Julai 1863, na tarehe hiyo hiyo mwaka 2023 Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi hadharani katika bustani ya Oosterpark, Amsterdam. Sehemu hii tunaitembea kwa miguu na bila haraka.

Tiketi za makumbusho mnanunua nyinyi au tununue wenyewe?

Vyovyote vile, zinunuliwe mapema. Nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huuza tiketi kwenye tovuti yake tu, na kila Jumanne hutolewa zile za wiki ya sita inayofuata, nazo huisha haraka. Hakuna mwongozaji anayeweza kukuingiza bila tiketi hiyo, na anayekuahidi hivyo usimlipe. Makumbusho ya Van Gogh nayo huingiwa kwa tiketi ya mtandaoni yenye saa yake. Rijksmuseum na Mauritshuis huwaruhusu walio na umri wa hadi miaka 18 kuingia bure, jambo ambalo familia kubwa hufurahi kulisikia.

Gharama huhesabiwaje, na nitamtambuaje mtoa huduma wa kweli?

Bei ya ziara binafsi huwa ya gari na mwongozaji kwa siku, haitozwi kwa kichwa, kwa hiyo watu sita hugawana kile ambacho mmoja angelipa peke yake. Kabla ya kulipa malipo ya awali, taka kwa maandishi majibu ya mambo haya: saa ngapi zimejumuishwa na saa ya ziada ni kiasi gani, kama maegesho yamo, kwa kuwa katikati ya Amsterdam yanazidi euro 7 kwa saa, kama viingilio na chakula vimo, na utarudishiwa nini safari ikifutwa kwa sababu ya viza au ugonjwa. Suala la viza liandikwe waziwazi, maana ndilo linalowagharimu watu wetu zaidi.

Kazi ya kuongoza watalii nchini Uholanzi haina leseni ya lazima ya serikali. Kusafirisha abiria kwa malipo kunayo. Magari ya kawaida yana vibao vya namba vya njano, na gari dogo lenye kibali cha kubeba abiria kwa malipo huwa na vibao vya buluu. Gari likija asubuhi na vibao vya njano wakati umelipia dereva, una haki ya kuuliza, kwani ajali ikitokea suala la bima litakuwa gumu. Kama tunatembea kwa miguu katikati ya Amsterdam, kundi haliruhusiwi kuzidi watu 15, na ziara za kupita mbele ya madirisha ya mtaa wa taa nyekundu, yaani mtaa wa makahaba, zimepigwa marufuku tangu 2020.

Chakula halali na nafasi ya kusali vinapatikana?

Mijini vinapatikana bila shida. Amsterdam, Rotterdam, Den Haag na Utrecht zina wakazi wengi wenye asili ya Morocco na Uturuki, na migahawa yao iko wazi hadi usiku. Ninawapeleka wageni wa pwani pia kwa Wasuriname, ambao mababu wa baadhi yao walitoka India kuanzia 1873. Wanauza chapati nyembamba yenye mchuzi wa kuku, viazi na maharagwe mabichi, na mara mbili nimesikia mtu wa Tanga akisema pishi hili ni la nyumbani. Vijijini ni vizuri kuagiza samaki au chapati tamu za Kiholanzi, kwa kutaja kwamba hutaki nyama ya nguruwe. Jibini nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama, kwa hiyo anayejali hilo aniambie, nami nitauliza dukani ipi imetengenezwa kwa kimeng'enya cha mimea.

Kuhusu sala, ratiba hupangwa kufuatana na nyakati zake. Msikiti wa Westermoskee mjini Amsterdam na ule wa Essalam mjini Rotterdam hupokea wageni. Zingatieni kwamba mwezi Juni jua huzama baada ya saa nne usiku, na Desemba huzama saa kumi na nusu jioni, hivyo siku ya Desemba ina nyakati tatu za sala ndani ya saa chache za mwanga.

Tuna wazee na watoto wadogo. Je, watamudu?

Watamudu, ikiwa tutajua mapema. Barabara za mawe za miji ya zamani huchosha magoti, na ngazi za vinu si za mzee, ila mashua za mifereji na za Kinderdijk zinamwezesha kuona karibu yote akiwa ameketi. Kiti cha magurudumu kiombwe siku kadhaa kabla. Niambieni pia urefu wa watoto, kwani aliye chini ya mita 1.35 huketishwa kwenye kiti chake maalumu. Vyoo vya umma hulipiwa senti 50 hadi euro moja, mara nyingi kwa kadi.

Tuvae nini?

Koti lisilopitisha maji na upepo, hata Julai, na viatu vilivyokwisha kuzoeleka. Mwavuli hausaidii sana, kwa kuwa upepo wa juu ya tuta huugeuza nje ndani.

Je, ni hatari kutembea penye baiskeli nyingi?

Ni hatari kwa asiyejua. Nchi hii ina baiskeli nyingi kuliko watu, na njia zake kwa kawaida zina lami nyekundu iliyo sambamba na njia ya wapita kwa miguu. Usisimame juu ya lami hiyo kupiga picha, na kabla ya kuivuka tazama pande zote mbili kama unavyovuka barabara ya magari. Mwendesha baiskeli wa Kiholanzi hapunguzi mwendo, hupiga kengele. Anayetaka kuendesha mwenyewe afanye hivyo mashambani na si katikati ya Amsterdam.

Nina saa chache tu kati ya ndege mbili Schiphol. Naweza kutoka?

Kama una viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, au pasipoti isiyohitaji viza, ndiyo. Bila hiyo huwezi kutoka nje ya uwanja, hata kama ndege yako ya kwenda Marekani iko mbali kwa saa kumi. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman wote huihitaji. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu ya safari isipungue euro 30,000, na maombi hupelekwa kati ya miezi sita na siku 15 kabla ya safari. Usingoje hizo siku 15.

Kwa muda usiopungua saa saba kati ya ndege na ndege, ninapendekeza sehemu ambayo wengi hawaijui. Schiphol yenyewe imejengwa mita 3 hivi chini ya usawa wa bahari, kwenye kitako cha ziwa la Haarlemmermeer lililokaushwa 1852 kwa vituo vitatu vya mashine za mvuke. Kituo kimoja, Cruquius, kiko karibu na uwanja na sasa ni makumbusho. Silinda yake ina kipenyo cha mita 3.66, na ukisimama chini yake unaelewa ni mashine ya aina gani iliyoiweka nchi kavu mahali ndege yako ilipotua.

Kuna siku za kuepuka?

Tarehe 27 Aprili, sikukuu ya Mfalme, ni ya kufurahisha kwa anayetaka shamrashamra za mitaani, ila gari halisogei mijini. Jumatatu asubuhi maduka mengi madogo hufungwa.

Bakshishi inatarajiwa?

Si lazima, kwa kuwa huduma imo katika bei. Mgahawani wengi huongeza kidogo wakiridhika.

Naweza kurudi nyumbani na vitunguu vya tulipu?

Nunua vile vilivyofungwa pamoja na cheti cha afya ya mimea, na kabla ya kusafiri uliza masharti ya nchi yako. Kenya, kwa mfano, hudai kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea, na bila kibali hicho vitachukuliwa uwanja wa ndege. Tulipu pia haichanui bila kupitia baridi ya wiki 12 hadi 16. Pwani ardhi haiwezi kuipa baridi hiyo, kwa hiyo viweke kwenye friji ndani ya mfuko wa karatasi, mbali na matofaa na matunda mengine yanayoiva, kwa sababu hewa inayotoka katika matunda huua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Baada ya hapo uvipande kwenye chungu kilicho kivulini. Mama mmoja wa Nyeri alinitumia picha ya tatu zilizochanua barazani kwake kati ya kumi alizopanda.